Kikulacho Tarakilishi Ki Nguoni Mwake

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nimewafafanulia wanafunzi wangu methali hii mara nyingi, na kila mara nilidhani kwamba inawahusu watu wengine. Muhula wa pili wa mwaka 2023 ndio ulionifunza kwamba ilikuwa na neno la kuniambia mimi pia, tena ndani ya chumba cha tarakilishi cha shule ninakofundisha, hapa Kegonga, Kuria Mashariki, katika kaunti ya Migori.

Chumba chetu si cha kujivunia. Kina tarakilishi 15 ambazo zilikuwa zimetumika kwingine kabla ya kutufikia, na madirisha yake hupokea vumbi la barabara tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo, ndimo watahiniwa wa Kidato cha Nne wanamoandalia miradi yao ya somo la Tarakilishi. Kila anayelifundisha somo hilo anafahamu kwamba mradi huo ni karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, wala si zoezi la kupitisha wakati. Mwanafunzi huujenga hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa, na ukipotea, hakuna wa kumrejeshea miezi hiyo.

Jumatatu moja asubuhi, tarakilishi ya saba ilizimika ghafla. Kiwambo kiligeuka buluu, kikaonyesha maneno machache ya Kiingereza, kisha mashine ikajiwasha upya. Dakika chache baadaye ikafanya vivyo hivyo. Kufikia adhuhuri, mashine nyingine tatu zilikuwa katika hali iyo hiyo, nasi tukaanza kusema kwamba zinaambukizana. Ndani ya ile ya saba mlikuwa na mradi wa binti mmoja, kazi ya miezi mitatu, na nakala yake haikuwa mahali pengine popote.

Nilifanya wanavyofanya wakubwa wengi waliotahayari: nilitafuta wa kulaumiwa. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa ameonekana siku ya Jumamosi akichomeka flashi yenye filamu katika tarakilishi ya saba. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamkaripia, nikampiga marufuku kuingia chumbani humo kwa majuma mawili. Alijitetea kwa sentensi moja tu: "Lakini Mwalimu, zile nyingine tatu mimi sikuzigusa." Sikumsikiliza. Laiti ningalimsikiliza, maana huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa kweli katika kesi ile, nao ulitoka kinywani mwa mshtakiwa.

Siku iliyofuata tulimwita fundi kutoka mjini. Alizitazama mashine kwa muda wa dakika kumi hivi, akatoa hukumu kwamba mbili kati yake zimekufa, na kwamba zile mbili nyingine sharti zifutwe kila kitu na kuwekewa Windows upya. Tarakilishi ya saba ilikuwa miongoni mwa hizo za kufutwa. Binti mwenye mradi alikuwa amesimama mlangoni. "Na mradi wangu je, Mwalimu?" aliuliza. Sikuwa na jibu. Nilimwomba fundi aniachie mashine hizo usiku mmoja tu.

Usiku huo niliketi na daftari na kalamu, nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya Jumatatu asubuhi: nilisoma. Kila kiwambo kilipogeuka buluu, nilinakili maneno yaliyoandikwa, herufi kwa herufi. Mashine zote nne ziliandika msimbo mmoja, DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na chini yake jina la faili moja. Nilipoifuatilia faili hiyo, nikagundua kwamba ni ya kidude cha kunasia mtandao usiotumia waya. Vidude hivyo tulikuwa navyo vinne. Nilivichomeka mimi mwenyewe Ijumaa jioni, nikaviwekea programu kutoka katika diski moja ambayo, kama nilivyokuja kuona, ilitengenezewa kidude cha aina nyingine. Vidude vinne, mashine nne. Mhalifu niliyekuwa nikimsaka alikuwa amevaa koti langu.

Hapa sina budi kumweleza msomaji ni kitu gani hasa kilichokuwa kimeharibika, kwa sababu walimu wengi na wanafunzi wengi zaidi huitumia tarakilishi pasi na kukijua. Kitu hicho huitwa kiendeshi, na mafundi wetu hukiita draiva. Jina hilo linaweza kupotosha, kwa kuwa humfanya mtu amfikirie dereva wa matatu. Mimi hupenda kukifananisha na mkalimani wa mahakama. Tuseme mzee asemaye Kikuria pekee anafika mbele ya hakimu asiyejua hata neno moja la Kikuria. Baina yao husimama mkalimani. Hakimu anaweza kuwa mwadilifu na mzee anaweza kuwa mkweli, lakini mkalimani akikosea, haki itapotea, na watu watatoka nje wakimlaani hakimu au wakimcheka mzee.

Ndivyo ilivyo katika tarakilishi. Mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, haujui lugha ya kila kichapishi, kila kamera na kila kidude cha mtandao kilichotengenezwa duniani. Kila kifaa huja na mkalimani wake, aliyeandikwa aghalabu na kampuni iliyokiunda kifaa hicho, wala si na walioandika mfumo wenyewe. Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, ikikosea huanguka peke yake na nyingine zikaendelea na kazi. Lakini viendeshi vingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mahali palipo na mamlaka yote. Kiendeshi kikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyokihusu, mfumo hauna tena njia ya kujua ni nini kilicho salama na ni nini kilichoharibiwa. Hapo huamua kusimama. Kile kiwambo cha buluu tunachokiogopa ni mlinzi anayefunga milango ili madhara yasienee hadi kwenye kazi zetu, na maneno yaliyoandikwa juu yake ni ripoti ya mlinzi huyo.

Asidhani mtu kwamba balaa hili ni la shule maskini za vijijini tu. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alisimama mbele ya umati kuonyesha Windows 98 iliyokuwa bado haijauzwa. Msaidizi wake, Chris Capossela, alichomeka skana ili kuonyesha jinsi mfumo huo mpya unavyoweza kukitambua kifaa na kukitafutia kiendeshi chake wenyewe. Kiwambo kikageuka buluu mbele ya hadhira nzima. Watu walicheka, na Gates naye akafanya mzaha kwamba bila shaka ndiyo sababu hawajaanza kuiuza. Miaka 5 baadaye, mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Swift, Bershad na Levy, waliandika kwamba viendeshi vilisababisha asilimia 85 ya kuanguka kwa Windows XP kulikokuwa kumeripotiwa siku hizo.

Tukio kubwa kuliko yote lilitokea tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike, inayouza programu ya kulinda tarakilishi dhidi ya wavamizi, ilituma faili ndogo ya marekebisho kwa wateja wake. Programu hiyo hutumia kiendeshi kinachokaa ndani ya kiini cha Windows. Mpangilio mpya ulitarajia taarifa 21, ilhali programu iliyokuwamo mashinani ilitoa 20 tu. Kiendeshi kikanyoosha mkono kuichukua ya 21 mahali ambapo hapakuwa na kitu chake, na mashine ikaanguka. Kwa saa za Afrika Mashariki, faili hiyo ilitumwa saa moja na dakika 9 asubuhi, na ikaondolewa saa mbili na dakika 27. Katika dakika hizo 78, mashine zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilikuwa zimeathirika. Ndege zilifutiwa safari, na hospitali na mabenki katika nchi nyingi yakakwama.

Na tiba yake ilikuwa ipi? Mafundi walilazimika kuziendea nyingi za mashine hizo moja moja, wakaziwasha katika hali ya usalama, wakaifuta ile faili mbovu, kisha wakaziwasha upya. Nilipozisoma habari hizo mwaka 2024, nilikumbuka usiku wangu wa 2023. Mashirika makubwa ya ndege, pamoja na fedha zao zote, yalitumia dawa ile ile niliyoitumia mimi Kegonga. Hayakuzitupa mashine zao, na sisi hatukuwa na sababu ya kuzitupa zetu.

Basi nizieleze hatua zenyewe, ili mwalimu mwenzangu asilazimike kungoja fundi kabla ya kuzijua.

Kwanza, soma na uandike. Andika msimbo ulio kwenye kiwambo, jina la faili iwapo limetajwa, saa, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kiwambo kikipita upesi mno, tumia simu kukipiga picha. Faili ile ile ikitajwa mara mbili au tatu, umempata mshukiwa.

Pili, uliza swali ambalo mafundi wengi wenye haraka hawaliulizi: ni nini kilichobadilika? Tarakilishi iliyofanya kazi vyema Alhamisi na ikaanza kuanguka Jumatatu ina kisa kati ya siku hizo mbili. Pengine kichapishi kipya kilichomekwa, pengine marekebisho yalipakuliwa, pengine mtu aliweka programu. Uliza bila kutisha, kwa maana anayeogopa adhabu hatasema kweli.

Tatu, iwashe katika hali ya usalama, ambamo mfumo hutumia viendeshi vichache vya lazima tu. Katika Windows 10 na 11, zima mashine kwa kitufe mara mbili au tatu mfululizo inapoanza kuwaka, nayo itafungua ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart, halafu ubonyeze namba 4. Ikitulia katika hali hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba chuma ni kizima na aliyekosa ni mkalimani. Na kabla ya kufanya jambo jingine lolote, nakili kazi za wanafunzi uziweke kwenye flashi mbili.

Nne, fungua sehemu iitwayo Device Manager, ambako vifaa vyote vimeorodheshwa. Kifaa chenye matatizo mara nyingine huwekewa alama ndogo ya manjano. Ikiwa kiendeshi kilibadilishwa hivi karibuni, kirudishe kile cha awali kwa kitufe cha Roll Back Driver. Ikiwa hapakuwa na cha awali, kiondoe kabisa na ukichomoe kifaa chenyewe. Kisha tafuta kiendeshi sahihi kutoka kwa kampuni iliyounda tarakilishi au kifaa hicho, ukilinganisha namba ya aina kwa makini. Jihadhari na zile programu zinazodai kuwa na viendeshi vya kila mashine duniani.

Tano, badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha ujaribu. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, mashine ikapona, hajui kilichoiponya. Na ikizidiwa, hajui kilichoizidishia.

Lakini si haki kumlaumu mkalimani kwa kila kosa pia. Mashine ikianguka hata katika hali ya usalama, ikitoa misimbo tofauti tofauti kila mara, ama ikizimika tu inapopata joto, basi yawezekana tatizo ni la chuma. Katika mazingira yetu, vumbi huziba feni, na umeme unaopanda na kushuka huumiza vifaa. Izime, ichomoe kwenye umeme, ondoa vumbi, toa vibamba vya kumbukumbu na uvirudishe vikae sawasawa, au uazime kibamba kutoka mashine jirani ili kulinganisha. Windows yenyewe ina kipimo cha kumbukumbu, na wanafunzi wanaweza kufundishwa kukitumia.

Turudi katika chumba chetu. Usiku ule niliwasha tarakilishi ya saba katika hali ya usalama, nayo ikatulia. Nilinakili mradi wa binti yule, nikakiondoa kile kiendeshi, nikachomoa kidude, nikaiwasha upya. Ilikesha ikifanya kazi. Kabla ya jogoo kuwika nilikuwa nimezihudumia zote nne, zikiwamo zile mbili zilizotangazwa kwamba zimekufa. Gharama yake ilikuwa ni usingizi wangu tu.

Asubuhi nilimkabidhi binti yule flashi yake. Kisha nikamwita yule kijana mbele ya wenzake wale wale, kwa kuwa mtu akivunjiwa heshima hadharani, kuombwa radhi faraghani hakutoshi. Nilieleza nilichokifanya Ijumaa, nilichokiona katika viwambo, na jinsi sentensi yake moja ilivyokuwa sahihi. Nikamwomba radhi. Alitazama chini kwa muda, kisha akasema, "Hakuna neno, Mwalimu." Sikuamini kwamba hakukuwa na neno. Majuma mengi yalipita kabla hajaketi tena mbele ya tarakilishi bila ya kuangalia mlangoni kwanza.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mashine iliyoharibika inaweza kutengenezwa, lakini mwanafunzi aliyehukumiwa bila ushahidi hujifunza kwamba somo hili ni la kuogopwa, na kwamba usalama wake ni kutogusa chochote. Nimeona katika shule zaidi ya moja chumba cha tarakilishi kilichofungwa kwa kufuli ili "watoto wasiharibu", huku ndani mna mashine zilizokwisha kuitwa maiti pasi na mtu kuzipima. Sisi walimu huwafundisha vijana kanuni za majaribio ya sayansi: tazama, andika, dhani, jaribu, kisha ndipo uhitimishe. Halafu mashine ikizimika, tunahitimisha kwanza, na kujaribu hatujaribu.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi za tarakilishi kuukuu zilizomo shuleni haziwezi kupokea Windows 11. Baadhi yetu tutahamia Linux, na wengine watazitumia zilivyo bila ya kuziunganisha na mtandao. Kwa njia yoyote ile, tutakutana na wakalimani wapya wasiowajua vyema wazee wetu hawa wa chuma. Viwambo vitagandamana na vichapishi vitagoma. Shule isiyo na mtu wa kusoma ripoti ya mlinzi itatumia fedha za karo kununua mashine ambazo haikuzihitaji.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili yasiyogharimu chochote kikubwa. Kila chumba cha tarakilishi kiwe na daftari moja mezani, ambamo kila mabadiliko yanaandikwa: tarehe, mashine, kilichowekwa, na jina la aliyekiweka, awe mwanafunzi, mwalimu au mkuu wa shule. La pili, mradi wa mtahiniwa usilale mahali pamoja. Uwe katika nakala mbili kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho.

Daftari letu lipo tangu Agosti 2023. Ukurasa wake wa kwanza una mstari mmoja unaosema kwamba Ijumaa fulani viendeshi visivyofaa viliwekwa katika mashine nne. Katika safu ya jina la mhusika limeandikwa langu, kwa mkono wangu mwenyewe. Wanafunzi wapya wanapoingia huanza kwa kuusoma mstari huo, nami huwaacha wausome.